Maji Ndani ya Taa ya Mbele ya Gari: Tafuta Yalipoingilia Kabla ya Kuyakausha

Mvua ikinyesha usiku kucha Dar es Salaam, asubuhi yake pita kwenye maegesho yoyote utakuta gari ambalo taa yake ya mbele imejaa ukungu kama dirisha la jikoni. Lingine lina maji kabisa, yanayocheza chini ya kioo kila gari likikanyaga shimo. Mwenye gari anapita kwa fundi, taa inapulizwa kwa kompresa, inapakwa silikoni mzunguko mzima, analipa, anaondoka. Wiki mbili hazijaisha, maji yamerudi.

Mimi yamenipata hayo. Masika moja nilikausha taa ya kushoto ya gari langu, Toyota ndogo ya milango mitano, mara tatu. Mara ya tatu ndipo nilipoitoa taa, nikaigeuza na kuikagua kwa nyuma. Nilikuta kipumulio cha juu kimezibwa kabisa kwa silikoni, na mpira unaofunika mgongo wa balbu umechanika upande wa chini. Mahali pa kupitisha hewa pamefungwa, mahali pa kuzuia maji pako wazi. Kazi yote niliyokuwa nimefanya ilikuwa ya kukausha maji ambayo lazima yangerudi kwa njia ileile. Kwa hiyo hapa nitaanza na njia ya maji, kukausha kutakuja baadaye, na kuziba kutakuja mwisho.

Taa imeundwa ipumue

Wengi tunadhani taa ya mbele ni chombo kilichozibwa pande zote. Za zamani zilikuwa hivyo. Ile taa ya duara ya inchi 7 kwenye Land Rover za zamani ilikuwa kitu kimoja, kioo na rifleksa na waya wa kuwaka, vimefungwa pamoja kiwandani. Ikiungua au ikiingia maji unaitupa nzima na kuweka nyingine.

Taa za sasa ni tofauti. Mbele kuna kioo, ambacho kwa kweli ni plastiki ngumu ya polikaboneti. Nyuma kuna bakuli jeusi la plastiki. Ndani kuna rifleksa, ile sehemu inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Kioo na bakuli vinakutana kwenye mshono uliojazwa gundi nyeusi inayonata kama lami ya barabarani saa nane mchana. Halafu, kwenye hilo bakuli jeusi, kiwanda kimeacha matundu kwa makusudi. Mara nyingi ni mawili au zaidi, moja juu na jingine chini kwenye kona ya upande wa pili. Baadhi yamefunikwa na kijimpira kilichopinda kama kiwiko, mengine yana kiraka cha duara kinachopitisha hewa huku kikizuia matone ya maji. Hivyo ndivyo vipumulio.

Kazi yake ni hii. Balbu ya H4, ambayo ndiyo imejaa kwenye magari mengi madogo ya Kijapani tunayoendesha, inakula wati 55 kwenye dimu na wati 60 kwenye fuli, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto. Hewa ya ndani ikipata joto inatanuka na kutoka. Ukizima taa inapoa, inasinyaa, na taa inavuta hewa ya nje. Hewa iliyopoa kutoka nyuzi 60 hadi 25 inasinyaa kwa takriban sehemu moja ya kumi, maana yake taa yenye nafasi ya lita 5 itavuta karibu nusu lita ya hewa kila unapoizima. Vipumulio vikiwa wazi, hewa hiyo inapita hapo kwa raha zake. Vikiwa vimezibwa, taa itavuta kupitia popote palipo dhaifu, iwe ni mshono uliochoka au mpira uliochanika. Na kama hapo palipo dhaifu pameloa, kitakachovutwa ni maji.

Ndiyo maana gari linalooshwa kwa maji baridi mara tu baada ya safari ndefu ya usiku huingiza maji kwenye taa kirahisi kuliko gari lililonyeshewa likiwa limepoa. Ukitoka Morogoro saa mbili usiku na taa zimewaka njia nzima, liache gari lipumzike kabla ya kumkabidhi kijana wa kuosha, na mwambie asielekeze ile pampu ya presha kwenye mshono wa taa wala nyuma yake kupitia chini ya bampa.

Ukungu au maji?

Si kila taa yenye unyevu ni mbovu. Ukungu mwembamba unaotanda kwenye kona ya kioo iliyo mbali na balbu, ukaondoka wenyewe baada ya kuwasha taa na kuendesha nusu saa au zaidi, ni jambo la kawaida, hasa kwetu ukanda wa pwani ambako hewa ina unyevu mwingi mwaka mzima. Taa za LED za kiwandani hupata ukungu zaidi, kwa sababu joto lake linatokea nyuma kwenye chuma cha kupoozea, na kioo cha mbele kinabaki baridi.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia kuamua. Hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu hubeba karibu gramu 30 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Taa ya lita 5 kwa hiyo haiwezi kuwa na zaidi ya gramu 0.15 za maji yaliyomo kwenye hewa yake, kama matone matatu hivi. Matone matatu yakitandazwa kwenye kioo yanatosha kuleta ukungu wa kutisha, lakini hayawezi kufanya dimbwi. Ukiona matone makubwa yanatiririka, mstari wa maji chini ya kioo, au michirizi ya matope kwenye rifleksa, usijidanganye kwamba ni hali ya hewa. Kuna mahali pamefunguka.

Dalili nyingine ni taa moja tu kuathirika. Taa zote mbili zikiwa na ukungu mwepesi sawasawa, huenda ni unyevu wa kawaida. Ikiwa ya kushoto imejaa maji na ya kulia ni kavu, ya kushoto inavuja.

Usiku ambao huna pa kuitengenezea

Kama umekutwa njiani na maji yamo ndani lakini hayajafika kwenye balbu, na taa ni ya balbu ya kawaida, washa dimu tangu mwanzo wa safari na uiache. Kinachotakiwa kuepukwa ni tone la maji kudondokea balbu iliyokwisha kuwa ya moto, kwa kuwa linaweza kuipasua. Nenda taratibu, epuka mashimo. Kama taa ni za xenon, zile zenye mwanga mweupe wa samawati na kisanduku cha umeme chini yake, usiwashe kabisa ukiona maji. Sababu nitaieleza mbele.

Vitu vya kuandaa

Soketi au spana namba 10 itafungua sehemu kubwa ya kazi hii kwenye gari la Kijapani. Ongeza bisibisi ya nyota na ya bapa, kifaa cha plastiki cha kung'olea klipu (mpini wa kijiko cha plastiki ngumu unaweza kutosha), glavu safi, tochi, kipande cha chandarua, drayer ya nywele, vipakiti vya silika jeli vile vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu, chupa ya maji ya betri na sabuni ya vyombo kidogo. Kuhusu maji ya betri, soma chupa vizuri: unataka yale ya kuongezea, yaliyosafishwa, usichukue asidi. Dukani hukaa rafu moja na chupa zake hufanana.

Hatua ya kwanza: fungua boneti, angalia nyuma ya taa

Kabla ya kugusa boliti yoyote, zima taa, subiri zipoe, ingiza tochi nyuma. Visa vingi vinaishia hapa hapa, na inauma kuona watu wanafungua bampa zima kwa tatizo lililokuwa linaonekana kwa macho.

Anza na mpira wa mgongo wa balbu. Kwenye balbu za H4 ni kofia laini ya mpira yenye tundu la katikati la kupitisha miguu ya balbu. Kofia nyingi zimeandikwa TOP upande wa juu, na zimeandikwa hivyo kwa sababu: ikivalishwa kichwa chini au upande, midomo yake haikai vizuri. Ipapase mzunguko mzima kwa kidole. Mpira uliokauka ukawa mgumu, uliopasuka, au uliorudishwa nusu nusu baada ya kubadilisha balbu, hupitisha maji yanayorushwa na tairi na feni. Kofia mpya ni kitu cha bei ndogo kwenye maduka ya spea.

Hapo hapo angalia balbu yenyewe. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona kila siku: watu wananunua balbu za LED za kubandika, zina feni ndefu nyuma, kofia ya mpira haiingii, basi kofia inakatwa tundu kubwa au inatupwa kabisa. Taa inabaki mgongo wazi. Vumbi linaingia kiangazi, maji yanaingia masika, na baada ya mwaka rifleksa imechafuka hivi kwamba hata ile LED haimuliki. Kama umeshaziweka na huwezi kuziacha, tafuta kofia ndefu iliyotengenezwa kwa balbu za aina hiyo. Kwa maoni yangu ni bora kurudisha balbu ambayo taa iliundiwa, kwa sababu rifleksa ya H4 ilichongwa kwa waya wa H4, na LED nyingi za kubandika hutawanya mwanga machoni mwa anayekuja mbele.

Kagua pia soketi ya balbu ndogo ya paki na ya indiketa kama iko kwenye taa hiyo hiyo. Kila moja ina oringi, mpira mwembamba wa mviringo. Zikitolewa na kurudishwa mara kadhaa, oringi hupotea na hakuna anayeikumbuka.

Mwisho, tafuta vipumulio. Viguse: kijimpira kimechomoka? Kimejaa matope? Nimewahi kukuta kimoja kimejengewa nyumba na nyigu wa udongo, kimezibwa kama kwa saruji. Tundu lenye kijimpira unaweza kulisafisha kwa brashi laini. Lenye kiraka usilichokonoe kwa waya wala kulipulizia kompresa, kwa sababu kiraka kikitoboka ni mlango wa maji.

Ukipata kasoro hapo na mshono unaonekana mzima, rekebisha, kausha taa ikiwa ndani ya gari, kisha subiri mvua mbili tatu uone.

Hatua ya pili: kutoa taa

Weka alama kwanza. Egesha gari mahali pa tambarare, mita 5 kutoka ukutani, washa dimu, na uweke utepe au chaki pale mwanga unapokatikia juu, kwa kila taa. Alama hiyo itakuokoa mwishoni.

Zima kila kitu, fungua terminali hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa, hasa kama gari lina sensa za mifuko ya hewa upande wa mbele. Magari mengi madogo hayaruhusu taa kutoka mpaka bampa lifunguliwe, au angalau liachiwe upande mmoja, kwa sababu kuna boliti au ulimi wa plastiki uliojificha chini yake. Toa klipu za juu, skrubu za ndani ya madigadi, kisha vuta bampa kwa nje taratibu kwenye kona. Mwombe mtu akushikie, usiliache lining'inie kwenye waya za taa za ukungu.

Taa ikiachia, chomoa plagi kwa kubonyeza ulimi wake, usivute waya. Angalia ndani ya plagi. Ukiona kijani kijani kwenye pini, shaba imeanza kuliwa. Isugue kwa brashi ndogo na dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, vinginevyo taa itakauka vizuri na bado itawaka hafifu.

Hatua ya tatu: itafute njia ya maji

Mwaga maji yaliyomo kupitia tundu la balbu, ukiinamisha taa taratibu huku na huku. Toa balbu zote. Balbu ya halojeni usiishike kwenye kioo kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huacha doa linalopata joto zaidi na kuifupishia maisha.

Sasa rudisha kofia na soketi mahali pake, funika vipumulio vyote kwa utepe kwa muda, na uache kimoja chenye kijimpira. Paka mshono wote povu la sabuni ya vyombo. Chomeka mrija mwembamba kwenye kipumulio ulichokiacha na upulize kwa mdomo, taratibu. Mdomo unatosha. Kompresa ya gereji ina nguvu ya kuuachanisha mshono uliokuwa mzima, nawe ukadhani umegundua tatizo kumbe umelitengeneza. Kama taa ina vipumulio vya viraka tu, pitisha mrija kwenye tundu la soketi ya paki na uzibe pembeni yake kwa utepe.

Angalia mapovu. Yakitoka kwenye mshono, weka alama kwa kalamu. Mara nyingi utayaona kona ya chini, au jirani na sikio la kufungia lililovunjika. Sikio likivunjika taa inatikisika kila siku barabarani, na mtikisiko huo ndio unaochosha gundi. Bila kuliunga sikio, mshono utafunguka tena.

Yakitoka katikati ya kioo, kuna ufa, hata kama huuoni. Upitishie tochi kwa pembeni. Jiwe dogo lililorushwa na lori linaweza kuacha ufa mwembamba kama unywele, na huo unatosha.

Yasipotoka popote, rudi kwenye kofia na oringi. Pakavu pasipo na mapovu pia ni jibu: maji yaliingia nyuma.

Toa utepe wote kwenye vipumulio ukimaliza. Andika kwenye karatasi kama una tabia ya kusahau, maana utepe uliosahaulika utakurudisha mwanzo.

Hatua ya nne: kusafisha na kukausha

Kama maji yalikuwa safi ya mvua, pita moja kwa moja kwenye kukausha. Kama gari lilipita kwenye mafuriko, tuseme bonde la Jangwani maji yakiwa juu ya bampa, ndani kuna tope laini, na likikaukia kwenye rifleksa hubaki kama vumbi la chaki. Mimina maji ya betri pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo, tikisa polepole, mwaga. Suuza kwa maji ya betri matupu mara mbili au tatu. Maji ya bomba na ya kisima huacha madoa meupe ya chumvi, ndiyo sababu ya kutumia yaliyosafishwa.

Usiingize kitambaa wala pamba kufuta rifleksa. Ule mng'ao ni utando mwembamba mno wa alumini, unafutika kwa kidole, na ukishafutika haurudi. Vivyo hivyo usitie petroli, thina wala asetoni ndani ya taa. Polikaboneti hupasuka nyufa ndogo ndogo ikiguswa na vitu hivyo.

Kukausha kwenyewe, jua letu linatosha kuliko mashine yoyote. Weka taa kwenye ubao, kioo kikielekea juu kidogo na matundu ya balbu yakiwa wazi pembeni, funika matundu kwa chandarua ili wadudu wasiingie, iache kutwa nzima. Kama ni masika na jua halitoki, tumia drayer ya nywele kwenye joto la kati, ikipuliza kupitia tundu moja na kutokea jingine, dakika kumi kumi kwa vipindi. Shika kioo kwa mkono. Kikiwa cha moto kiasi kwamba huwezi kuendelea kukishika, simamisha. Hita ya kubandulia rangi isiingie ndani ya taa, inakunja plastiki kabla hujajua.

Usiku weka vipakiti vya silika jeli ndani, funga kofia, na asubuhi utoe vyote. Hesabu ulivyoweka na ulivyotoa, kwa sababu kipakiti kilichobaki karibu na balbu kitaungua. Mchele siushauri. Unavuta unyevu kidogo sana na unaacha unga.

Hatua ya tano: kuziba

Ufa mdogo kwenye kioo unaweza kuzibwa kwa nje kwa silikoni angavu au gundi angavu ya kuchanganya mbili, baada ya kusafisha na kukausha. Gundi hiyo itakuvusha masika, lakini anza kutafuta taa nyingine.

Mshono uliofunguka sehemu fupi, sentimita chache, unaweza kuzibwa kwa nje pia. Safisha mfereji, kausha, sukuma gundi iingie ndani hasa, kisha iache kutwa nzima bila kuguswa na maji. Hapa aina ya gundi ina maana kuliko wingi wake. Silikoni ya kawaida ya madirisha na mabafu inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, na mvuke wake huvamia ule utando wa alumini. Nusa kabla ya kununua, au uliza silikoni isiyo na asidi. Gundi ya matone inayokauka kwa sekunde ni mbaya zaidi kwa kazi hii: mvuke wake huacha weupe kama barafu upande wa ndani wa kioo.

Mshono uliochoka mzunguko mzima unahitaji kufunguliwa. Jaribu kwanza kuchoma gundi kwa ncha ya bisibisi. Ikibonyea, ni butili, na joto litaifungua. Ikiwa ngumu kama plastiki, kama ilivyo kwenye taa nyingi za magari mapya, kuifungua kwa joto ni kuvunja kioo, achana nayo.

Kwa yenye butili, toa balbu, mipira, mota ya kupandisha taa, skrubu na klipu zote za pembeni. Mwenye oveni aipashe hadi nyuzi 90 au 100 hivi, aweke taa juu ya ubao mkavu ili isiguse chuma, dakika nane hadi kumi, macho yakiwa hapo hapo. Asiye na oveni atembeze drayer yenye nguvu kwenye mshono kwa nje, kipande kwa kipande. Kioo kinaachia taratibu kuanzia kona moja. Usibandue kwa bisibisi kwa nguvu, gundi ikigoma rudisha joto.

Toa gundi kuukuu yote kwenye mfereji. Kuongeza mpya juu ya ile iliyojaa vumbi ni kazi ya kurudia. Laza utepe mpya wa butili bila kuuvuta, ncha zipandane sentimita moja au mbili upande wa juu wa taa, usiziunganishe chini ambako maji husimama. Pasha tena dakika chache, bana kioo, rudisha klipu na skrubu, uache ilale. Kesho yake rudia jaribio la povu.

Kuna mafundi wanaotoboa tundu chini ya taa ili maji yatoke yenyewe. Naelewa wanachotaka, lakini sikubaliani nao. Tundu hilo liko palepale tairi linaporusha maji na tope, na kinachoingia kitakuwa kingi kuliko kinachotoka.

Taa za xenon

Hapa punguza ujasiri. Kisanduku kilicho chini ya taa, balasti, hutoa zaidi ya volti 20,000 wakati wa kuwasha, na huo ni umeme wa kuua. Usifungue wala kugusa nyaya zake gari likiwa na betri iliyounganishwa. Balasti yenyewe ikiingia maji huoza ndani, na dalili yake ni taa kuwaka na kuzima au kugoma kabisa baada ya mvua. Wakati wa kukagua taa ya aina hii, angalia gasketi kati ya balasti na bakuli, maana huko ndiko maji hupendelea. Kama huna uzoefu wa umeme, mpe fundi umeme wa magari, wewe baki kumweleza kuhusu vipumulio.

Ikibidi kununua nyingine

Rifleksa iliyobambuka, kioo chenye ufa mrefu, au bakuli lililovunjika masikio yote, havifai kupotezewa muda. Mtumba wa Japani mara nyingi ni bora kuliko kopi mpya za bei nafuu, ambazo mshono wake hutofautiana moja na nyingine. Kabla ya kwenda Kariakoo au Gerezani, soma maandishi kwenye kioo cha taa yako: utaona jina la mtengenezaji, Koito, Stanley au Ichikoh, na namba fupi kando yake. Namba hiyo ndiyo wauza spea wanayoitumia kulinganisha, kwa sababu gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na taa za aina mbili. Igeuze taa dukani, ikague kwa nyuma kama ulivyokagua ya kwako, na uangalie mshono kama umewahi kufunguliwa.

Usichukue taa iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto, kama yanayotumika Rwanda, Burundi na Kongo. Boliti zinaweza kukubali, lakini dimu yake imeelekezwa upande wa kulia, na hapa kwetu kulia ndiko wanakotokea wenzako.

Kurudisha na kulenga

Funga taa kwa mkono kwanza, boliti zote zikiwa zimeshika, ndipo ukaze. Vaa kofia ya mpira na upapase ukingo wake mzunguko mzima. Rudisha bampa, kisha betri. Peleka gari palepale mita 5 kutoka ukutani na ulinganishe na alama zako; kama ulibadilisha taa na alama hazifai, ukingo wa juu wa dimu unatakiwa uwe takriban sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya balbu. Kwenye taa nyingi skrubu ya kurekebishia iko nyuma ya bakuli, inageuzwa kwa bisibisi ya nyota.

Washa taa nusu saa, zima, iache ipoe kabisa. Halafu mwagilia maji ya mpira wa bustani bila presha, dakika kumi, kuanzia chini kwenda juu. Ukungu mwembamba ukitokea kwenye kona na kuondoka ukiwasha tena, iache. Tone likitiririka, fungua boneti urudi kwenye kofia ya mpira kwanza.

Baada ya hapo kagua vipumulio mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili kabla ya masika na mwezi wa tisa kabla ya vuli. Ni dakika tano za tochi na brashi ya meno.